Mawakili Saba wa Baba Mmoja

Kwenye jengo la mahakama watu walimwita Masijala, kana kwamba chumba na mwenye chumba walizaliwa siku moja. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekaa nyuma ya dirisha lile lenye nondo, akipokea mafaili, akiyagonga muhuri na kuyapanga kwenye rafu zilizofika darini. Hakimu aliposahau kesi iliahirishwa kwa nini, alimtuma mtu kwa Masijala. Mawakili vijana wenye suti mpya walijifunza mapema kwamba kabla ya kusimama mbele ya hakimu ni heri kupitia dirishani na karatasi zao. Alizisoma kwa miwani iliyoshuka hadi ncha ya pua, akasema neno moja tu, "Tarehe," au "Sahihi," na wakili akageuka mbio kwenda kurekebisha.

Yeye mwenyewe aliwahi kupata barua ya kwenda kusoma sheria. Mwaka uleule baba yao, aliyekuwa mwashi, alianguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi na hakuinuka tena. Nyuma yake walibaki mama na watoto watano, na mkubwa wao alikuwa yeye. Alishika kazi ya ukarani kwa mwaka mmoja tu, mambo yakae sawa. Mambo yana mwendo wao. Mdogo wa mwisho alipomaliza chuo, Masijala alikuwa na miaka thelathini na minane, na rafu zilikuwa zimeshazoea mikono yake. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ukimuuliza, angekwambia maji yakimwagika hayazoleki, halafu angekuuliza namba ya faili lako.

Mchezo ulimkuta Jumamosi moja mchana, akiwa na miaka arobaini na tisa. Alikwenda kuchukua vidonge vyake vya presha kwenye duka la dawa la binti wa mdogo wake, akakuta mlango wa mbele umefungwa na sauti zinatoka chumba cha nyuma. Akazunguka. Kwenye ile meza ya kuhesabia vidonge, katikati ya maboksi ya glavu na dawa za kikohozi, walikuwa wamekaa watu watatu wameinamia ramani iliyochorwa kwa mkono. Mmoja alikuwa mfamasia mwenyewe. Wa pili alikuwa mume wake, mwalimu wa hesabu. Wa tatu alikuwa rafiki yao, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye mikono yake ilikuwa na madoadoa ya kuungua hata mtaa mzima ukamwita Cheche.

"Mama mkubwa, karibu," binti alisema. "Vidonge vyako viko tayari, ila kaa kidogo, tuko katikati ya vita."

Akakaa. Akaelezwa. Binti ndiye msimulizi: yeye hueleza nchi, pori, mizimu na majoka. Kila mchezaji ana mtu wake ndani ya hadithi, na nguvu na udhaifu wa mtu huyo vimeandikwa kwenye karatasi. Mchezaji husema mtu wake anafanya nini, na kete ya pande ishirini huamua kama ameweza. Mtu wa Cheche alikuwa shujaa mwenye shoka refu kuliko mwenye shoka. Mtu wa mwalimu alikuwa mchawi, kwa sababu, alivyosema, kurasa za uchawi ndizo zilizokuwa na majedwali mazuri. Kiti cha nne kilikuwa kitupu tangu muuguzi aliyekuwa akicheza tabibu ahamishiwe kazi mbali.

Masijala alisikiliza kwa saa nzima. Kisha akauliza, "Huko kwenye nchi yenu, mtu akidhulumiwa anakwenda wapi?"

"Kwa mfalme," binti alisema.

"Na anayemdhulumu akiwa mfalme?"

Cheche alikuna kidevu. "Hapo tunampiga shoka."

"Basi mna upungufu," Masijala alisema. "Mnahitaji wakili. Nitakaa kile kiti."

Binti alimweleza kwa upole kwamba kitabu cha mchezo hakina wakili. Kina shujaa, mchawi, mwizi, tabibu, na wengine wa namna hiyo. Masijala aliuliza kama kitabu kimekataza. Binti alipekua kurasa, akakubali kwamba hakijakataza. "Jambo lisilokatazwa halihitaji kibali," mama mkubwa alisema, akachukua vidonge vyake akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata alikuja na daftari. Alikuwa ameandika kanuni za mtu wake, kurasa kumi na moja, kwa ule mwandiko wake wa masijala usio na doa la wino. Wakili huyu habebi silaha, hubeba mkoba wa nyaraka. Ana haki ya kusikilizwa: mara moja kwa siku akiinua mkono, yeyote anayeelewa lugha yake lazima angoje hadi amalize kusema. Na hawezi kusema uongo mbele ya baraza; akisema, nguvu zake zote zinakufa. Mwalimu alizipitia hesabu zake, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. "Zimekaa sawa," alisema. "Ila mama, mtu huyu hana hata kisu."

"Mawakili wangapi unawajua wana visu?"

Siku hiyohiyo wakili alikutana na mbwamwitu porini. Aliinua mkono akawataka waeleze madai yao. Mbwamwitu hawakuelewa lugha. Wakili alikufa na hoja mdomoni, na Cheche alicheka hadi akatoka nje kunywa maji. Aliporudi, alimkuta Masijala amechukua karatasi mpya, anaandika.

"Sasa utakuwa nani, dada?"

"Mdogo wake marehemu. Naye ni wakili."

"Kwani wamezaliwa wangapi?"

"Saba."

"Na wote ni mawakili?"

"Baba yao aliwasomesha wote," Masijala alisema, bila kuinua macho.

Cheche alicheka, lakini binti hakucheka. Alimtazama mama mkubwa wake, aliyemsomesha mama yake, akakumbuka mambo ambayo nyumbani kwao yalijulikana bila kusemwa. Akasogeza kete katikati ya meza. "Haya," alisema. "Wa pili anaingia kijijini kwa miguu, vumbi hadi magotini."

Wa pili naye hakudumu. Alisimama mbele ya askari wa daraja akiwasomea haki ya mpita njia bila kuinua mkono kwanza, mmoja wao akamsukuma mtoni katikati ya sentensi, na kete ya kuogelea ikaangukia moja. Jioni hiyo binti alimshika mama mkubwa pembeni, karibu na friji ya dawa. Alimwambia mchezo ni wa kufurahi, si lazima mtu ajitese. Kuna mchawi mzuri sana kwenye kitabu, angempenda.

"Nimechoka kufa, kweli," Masijala alisema. "Lakini kosa si la wakili. Kosa ni kwamba nchi yako haina sheria, mwanangu. Mtu atatetea nini? Niandikie sheria za nchi hiyo."

"Mama mkubwa, nina duka la kuendesha."

"Kifungu kimojakimoja. Sina haraka."

Binti aliziandika mchana mmoja akisubiri gari la dawa, nyuma ya fomu ya oda, vifungu kumi na viwili, vingine kwa sababu tu vilisikika vizuri. Akazipa jina Hati ya Ufalme. Masijala aliipokea kwa mikono miwili, akaitoboa matundu mawili, akaifunga ndani ya jalada lenye namba. Kwa wiki mbili aliisoma wakati wa mapumziko, ameegemea rafu, kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

Ndipo alipoingia wa tatu.

Wakati huo Cheche alikuwa ameshatia kundi zima matatani. Shujaa wake, akimfukuza mwizi usiku, alirusha mwenge, na mwenge ukatua juu ya ghala la nafaka la mfalme. Ghala liliungua hadi chini. Walikamatwa wote, wakafikishwa mbele ya jaji, zimwi la vichwa viwili lililokuwa maarufu kwa kugeuza watu kuwa mawe. Binti alikuwa amemtayarisha jaji huyo kwa mwezi mzima. Alikusudia wafungwe, kisha watoroke kwa kuvunja ukuta.

"Hakuna kuvunja ukuta," Masijala alisema. "Kuna kesi."

Waliomba muda wa kushauriana, wakatoka hadi uani penye ndoo na mifagio.

"Ni rahisi," Cheche alisema. "Sema hatukuwepo. Nani alituona?"

"Siwezi. Mlikuwepo."

"Dada, si mchezo tu huu?"

"Ni mchezo, ndiyo maana sitaki kuuharibu. Uongo nausikia Jumatatu hadi Ijumaa, tena kwa kiapo."

"Kwa hiyo utasema nimechoma?"

"Nitasema umechoma."

Cheche alimgeukia mwalimu. Mwalimu alikuwa anaangalia mifagio. "Wakili wetu anatuchimbia kaburi," Cheche alisema, na safari hii hakuwa anatania. Alirudi ndani akakaa na mikono kifuani.

Masijala alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Wengine wote hucheza wamekaa. Alivuta blauzi yake ikakaa sawa, akafungua jalada, akaanza.

"Mheshimiwa. Au waheshimiwa. Kwanza naomba kujua, nazungumza na mmoja au wawili?"

"Mmoja," alisema binti kwa sauti nzito ya kichwa cha kulia. "Wawili," akajijibu kwa sauti nyembamba ya kichwa cha kushoto.

"Na tumbo?"

"Moja."

"Tumbo hilo linakula wapi?"

"Kwenye ghala la mfalme," kichwa cha kushoto kilisema, "kama majaji wote." Macho ya binti yalihamia kwenye lile jalada.

"Kwa hiyo ghala lilipoungua, mheshimiwa alilala na njaa."

Msimulizi mwingine angekataa. Lakini binti alikuwa mwaminifu kwa mazimwi yake. "Siku tatu," kichwa cha kushoto kilisema kwa uchungu.

"Pole sana," Masijala alisema, na sauti yake ilikuwa na pole ya kweli. "Wateja wangu wamechoma ghala, sikatai. Ni kwa uzembe, si kwa hila, na watalijenga upya kwa mikono yao. Lakini kifungu cha sita cha Hati ya Ufalme kinasema hakuna atakayehukumu jambo linalomuuma mwenyewe. Mheshimiwa anaumwa na jambo hili tumboni. Naomba ajitoe, na wateja wangu waachiwe wakajenge."

Cheche alikuwa ameshusha mikono bila kujijua.

"Kifungu hicho nilikiandika mimi?" binti aliuliza kwa sauti yake mwenyewe.

Masijala alimgeuzia jalada. Mwandiko ulikuwa wake.

"Hata hivyo lazima urushe kete," binti alisema. "Jaji ana kiburi. Kumi na tano au zaidi."

Kete ilizunguka mezani, ikagonga boksi la glavu, ikalala. Ilikuwa nne.

Cheche alifunika uso. Mwalimu alipiga hesabu kimoyomoyo, akaona haitoki. Lakini Masijala alikuwa ameshafungua daftari lake la kwanza, lile la kurasa kumi na moja. "Ukurasa wa tisa," alisema. "Rufaa. Mara moja tu katika maisha ya wakili. Nne inafutwa, hoja inakwenda kwa mfalme, na wateja wanatoka mara moja."

"Na gharama yake?" binti aliuliza, kwa maana alikuwa ameusoma ukurasa huo na akausahau.

"Wakili anabaki gerezani badala yao, hadi walichoahidi kitimizwe."

"Mama mkubwa, hapo utakuwa nje ya mchezo. Wiki nyingi."

"Nitakuwa ndani ya mchezo," alisema. "Nitakuwa gerezani. Endelea."

Kwa Jumamosi tatu wakili alikaa gerezani, na Masijala hakukosa hata moja. Wa kwanza kugundua kwamba hakuja kukaa bure alikuwa binti. Zamu ya Masijala ilipofika aliuliza ndani ya chumba kile kuna nani mwingine. Binti, kwa kujiokoa, alisema kuna mbilikimo mzee. Amefungwa kwa kosa gani? Hajui, amekaa miaka arobaini, faili lake limepotea.

"Faili halipotei," Masijala alisema. "Huwa limewekwa mahali. Namwomba askari aniitie mtunza nyaraka."

Binti alilazimika kumbuni mtunza nyaraka, na rafu zake, na utaratibu wa rafu. Masijala alimhoji kama mtu anayezungumza na mwenzake wa kazi. Mafaili ya mwaka ule yamepangwa kwa jina au kwa tarehe? Paa liliwahi kuvuja? Yaliyolowa yalihamishiwa wapi? Alirusha kete moja kila wiki, na wiki ya tatu faili likapatikana chini ya mguu wa kabati lililokuwa likiyumba. Kosa la mbilikimo lilikuwa kuvua samaki mahali pasiporuhusiwa, adhabu siku tisa. Binti aliposimulia mzee yule anavyotoka mlangoni akikinga macho yake na jua, mwalimu wa hesabu alisema ana mafua, akatafuta karatasi laini.

Na Cheche alikuwa anajenga. Wiki ya pili joka lilipita juu ya kichwa cha shujaa wake, joka lilelile alilolitafuta tangu mwaka jana, na binti akamuuliza kama anataka kulifuata.

"Joka lingoje," Cheche alisema. "Mtu wetu yuko ndani. Nabeba matofali."

Akarusha kete ya matofali.

Haikupita miezi miwili, asubuhi ya Jumanne, Cheche alitokea kwenye dirisha lenye nondo. Masijala alishtuka kidogo kumwona pale, tena na shati la kola. Alikuwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne: mwenye kiwanja alimtaka aondoe karakana yake ndani ya siku saba, la sivyo angetolewa kwa nguvu.

"Niambie la kusema," alisema. "Au twende wote, useme wewe."

Masijala aliisoma karatasi mara moja. Aliliona tatizo lake palepale, kama alivyoyaona ya mawakili vijana. Akaikunja, akamrudishia.

"Mdogo wangu, mimi ni karani wa mahakama hii. Kesi yako itapita mikononi mwangu. Nikikufundisha la kusema nitafukuzwa, na nitakuwa nimestahili."

"Lakini umeona kitu. Nimeuona uso wako."

"Vuka barabara, jengo la kijani, ghorofa ya pili. Pana ofisi ya msaada wa kisheria. Mwanamke atakayekupokea ni wakili, mwenye leseni. Mwonyeshe karatasi hii leo, si kesho. Leo."

Cheche aliiweka karatasi mfukoni, lakini hakuondoka. Nyuma yake foleni ilianza kunung'unika. "Na wewe kwa nini si wakili?" aliuliza. Hakuuliza kwa kubeza. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kwa nini geti lina bawaba lakini halifunguki.

"Anayefuata," Masijala alisema.

Wakili wa ng'ambo ya barabara aliona kilekile: notisi ilikuwa fupi kuliko mkataba ulivyoruhusu. Cheche alipewa miezi sita, akahama kwa utaratibu na mitungi yake yote ya gesi. Lakini swali alilolitoa dirishani halikuhama. Masijala alikwenda nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Kwa siku kadhaa alilijibu kwa majibu yake ya zamani: wadogo, mama, wakati. Wadogo walikuwa wameota mvi. Mama alikuwa kaburini mwaka wa sita. Jumatatu iliyofuata aliomba ruhusa ya saa mbili, akaenda chuo chenye madarasa ya jioni.

Ofisa wa usajili aliipokea fomu bila kumtazama. "Mzazi, fomu hii huletwa na mwanafunzi mwenyewe."

"Ndiye huyu," Masijala alisema.

Darasani walikuwa hamsini na wanne, na wengi wangeweza kuwa wanawe. Mambo ya utaratibu wa kesi aliyajua kuliko vitabu. Lakini sheria ya mikataba ilimshinda. Alikuwa na tabia ya kujibu kama karani, kwa neno moja, pale mhadhiri alipotaka kurasa mbili. Mtihani wa kwanza alifeli. Aliwaambia wenzake mezani Jumamosi hiyohiyo, wazi, kabla kete hazijatolewa, maana hakutaka waje wasikie kwa watu. Mwalimu wa hesabu alimwomba karatasi ya mtihani, akaipitia kama alivyopitia zile kurasa kumi na moja. "Mama, majibu yote ni sahihi," alisema. "Hujaonyesha njia." Wakaanza kukutana saa moja kabla ya mchezo. Yeye hakujua sheria hata kidogo, na hilo ndilo lililosaidia: kila jibu ilibidi Masijala amweleze hadi aelewe. Mtihani wa marudio alipata alama hamsini na moja, na hamsini ndiyo iliyotakiwa. Aliipokea ile moja bila kuomba radhi.

Madarasa yalipohamia Jumamosi, meza ya vidonge ilihamia Jumapili. Wakili wa tatu bado yuko hai. Amezeeka kidogo, ana kovu begani la mshale, na katika nchi ile hakuna mtu anayechomewa nyumba bila kwanza kuuliza wakili huyo yuko wapi. Cheche ndiye sasa anayewaeleza wageni kanuni zake, na akifika ukurasa wa tisa hupunguza sauti.

Mwaka huu Masijala yuko mwaka wa mwisho. Ana miaka hamsini na mitatu. Amewasilisha barua ya kustaafu mapema, na hakimu aliyeitia sahihi alimuuliza mara mbili kama ana uhakika. Alijibu mara moja. Wiki iliyopita alivuka barabara, akapanda ghorofa ya pili ya lile jengo la kijani kuomba nafasi ya mafunzo ya vitendo. Yule wakili mwanamke alimkubalia palepale, akamwonyesha kiti, dirisha, na mahali pa kutundika koti.

"Mafaili yenu yako wapi?" Masijala aliuliza.

Wakili aliona haya kidogo. Akafungua mlango wa chumba cha pili. Mafaili yalikuwa yamerundikwa sakafuni hadi kiunoni, mengine yamelala kifudifudi, mengine yamefungwa kwa kamba ya viatu.

"Tulikuwa na nia ya kuyapanga," wakili alisema.

Masijala alivua koti, akakunja mikono ya blauzi, akapiga goti moja chini na kulivuta lililokuwa karibu. "Hili ni la nani?" aliuliza. "Na kesi yake inatajwa lini?"